Mafuta ya mkanyi kwenye ngozi ya mtoto: yanafaa wapi, yaachwe wapi

Mtoto ana siku tano. Amezaliwa salama, ananyonya vizuri, na nyumba yao ya Mkuyuni haikauki wageni. Leo bibi mzaa mama ameteremka kutoka vijiji vya juu, upande wa Tegetero. Amekuja na mkungu wa ndizi, kuku mmoja na kopo dogo lililofungwa kwa kipande cha kanga. Ndani ya kopo kuna mafuta meupe yaliyoganda kama samli wakati wa baridi.

"Haya ni ya mkanyi, mwanangu," anasema bibi akikaa mkekani. "Hata wewe nilikupaka haya haya. Lete mjukuu wangu."

Binti anamkumbatia mtoto kifuani. "Mama, nesi alisema kitovu kisiguswe na kitu chochote."

"Nani kataja kitovu? Tazama ngozi yake, imekauka, inabanduka kama ganda la kitunguu. Utamwacha hivyo?"

Mazungumzo ya namna hii hayatokei Mkuyuni peke yake. Kwingine kopo lina mafuta ya nazi, kwingine samli, kwingine mafuta ya mgando ya dukani. Bibi ana uzoefu wa kulea watoto wengi, mama ana maelekezo ya kliniki, na mtoto ni mmoja. Anayeshinda mara nyingi ni mwenye sauti kubwa, wala si lazima awe ndiye mwenye haki. Katika kisa hiki, kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ili kuupata wote, ni vizuri kujua kwanza mafuta hayo ni kitu gani na hufanya nini yakigusa ngozi.

Mti wa mlimani

Anayetoka Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa, akapita Kiroka hadi Mkuyuni, huiona Milima ya Uluguru ikiwa kuliani kwake. Chini kuna minazi, migomba na mananasi. Ukipanda juu, hewa inakuwa ya baridi, mvua zinaongezeka, na huko ndiko kwenye misitu mikubwa. Mkanyi ni mti wa huko juu. Haupendi joto la bondeni.

Wataalamu wa mimea huuita Allanblackia stuhlmannii. Jina la kwanza linamkumbuka Allan Black, aliyekuwa mtunza mimea iliyokaushwa katika bustani ya Kew, Uingereza. Jina la pili linatokana na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyezunguka nchi hii akikusanya mimea mwishoni mwa karne ya 19. Mjerumani mwenzake, Adolf Engler, alipouandika mti huu kwa mara ya kwanza aliuita Stearodendron, yaani mti wa mafuta magumu. Hata wageni waliona mapema kuwa sifa yake kubwa iko kwenye mbegu.

Mti huu huota Tanzania tu, katika milima ya mashariki kama Uluguru, Usambara, Nguru na Udzungwa. Wasambaa huuita msambu. Uluguru ina pia ndugu yake wa karibu, Allanblackia ulugurensis, ambaye jina lake lenyewe linataja milima hiyo.

Tunda lake si la kusahaulika. Hufikia urefu wa sentimita 30, na kubwa linaweza kuwa na uzito wa kilo tano. Ndani yake zimo mbegu kati ya 40 na 100. Tunda haliangukwi. Likiiva huanguka lenyewe, na watu huliokota chini ya mti kabla panya buku na nungu hawajalifikia. Matunda hurundikwa na kufunikwa kwa majani mpaka nyama yake ilainike, kisha mbegu hutolewa, husuguliwa na kuanikwa zikauke.

Kutoka hapo kazi ni ya jikoni. Mbegu kavu hutwangwa kwenye kinu mpaka ziwe rojo, rojo huchemshwa kwa maji, na mafuta hupanda juu. Huenguliwa, huchujwa, na yakipoa huganda. Kiini cha mbegu kina mafuta mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, ndiyo maana mbegu chache hujaza kopo.

Kwa vizazi vingi mafuta hayo yametumika kupikia, kuwashia taa, kukandia viungo vinavyouma na kupaka ngozi iliyopasuka. Dunia ya nje nayo iliyatambua. Miaka ya 2000, kampuni ya Unilever na washirika wake, kikiwemo kituo cha utafiti wa kilimo mseto ICRAF, walianza kununua na kuendeleza mbegu za miti ya jamii hii katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu mafuta yake yaliyosafishwa kutumika katika siagi za kupaka mkate.

Kwa hiyo bibi hakuja na uchawi wala uchafu. Amekuja na mafuta yanayojulikana. Swali ni kama yanafaa kwa mtoto wa siku tano.

Ndani ya kopo kuna nini

Mafuta yote ya mimea yameundwa kwa asidi za mafuta, na tabia ya kila mafuta hutegemea asidi zipi zimezidi. Katika mkanyi ziko mbili kubwa, ambazo kwa pamoja zinakaribia kuwa mafuta yote. Ya kwanza ni asidi ya steariki, ambayo ni karibu nusu au zaidi kidogo. Hii ndiyo inayoyafanya yagande. Ya pili ni asidi ya oleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Hii ndiyo inayoyalainisha yakiguswa na joto la mkono.

Mchanganyiko huo una faida tatu. Kwanza, mafuta hukaa mgando ndani ya nyumba lakini hulainika mwilini, hivyo hayatiririki wala hayahitaji kupakwa mengi. Pili, hayachachi upesi kama mafuta ya maji yaliyojaa asidi laini. Tatu, yanakaa juu ya ngozi kwa muda mrefu. Mafuta ya shea yanayotoka Afrika Magharibi na kaskazini mwa Uganda yana asidi hizo hizo mbili kwa wingi, na ndiyo maana watu huyatumia kwa kazi ile ile.

Ngozi nayo ina ujenzi wake. Tabaka la juu kabisa ni kama ukuta wa matofali: seli kavu ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya mwili yanayoshikilia kama udongo wa kujengea. Udongo huo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na vijidudu haviingii. Ukipungua kwa sabuni kali, upepo, baridi au ugonjwa, maji huvuja, ngozi hukakamaa, huwasha, kisha hupasuka.

Mafuta ya mgando yakipakwa juu ya ukuta huo hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria. Sufuria iliyofunikwa haikauki haraka. Lakini kifuniko hakiongezi maji. Mtu akipaka mafuta juu ya ngozi iliyokauka kabisa, amefunika ukavu. Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hulikosa: mafuta hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, dakika chache baada ya kuoga, ikiwa imefutwa kwa kugusagusa na kitambaa bila kusuguliwa.

Yanapofaa

Kwa mama mwenyewe, na kwa baba anayeshinda shambani, kazi kubwa ya mkanyi ni visigino vilivyopasuka. Miguu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, ikaushwe kidogo, kisha yapakwe mafuta na kuvaliwa soksi safi usiku. Baada ya siku kadhaa nyufa huanza kulainika. Ni vivyo hivyo kwa mikono iliyokakamaa kwa jembe na sabuni ya kufulia, viwiko, magoti na midomo inayokauka wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Kwa mtoto aliyekwisha kukua, anayecheza na kukimbia, ambaye ngozi yake ni kavu lakini nzima, kiasi kidogo baada ya kuoga kinatosha. Kidogo maana yake ni kipande cha ukubwa wa punje ya harage, kilainishwe viganjani, kisha kipakwe kwenye miguu na mikono. Mtoto akibaki anateleza na kung'aa, yamezidi.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, anahitaji mafuta yasiyo na manukato kila siku, na ya mgando humfaa kuliko losheni nyingi. Lakini hapo mafuta ni msaidizi tu. Ngozi ikiwaka, ikiwa nyekundu au ikitoa maji, anahitaji dawa kutoka kwa mtaalamu, na mafuta huendelea pembeni ya dawa hiyo.

Kabla ya kutumia mafuta mapya kwa mtoto, yapakwe kidogo kwenye mkono wake upande wa ndani na kusubiriwa siku moja. Pakiwasha au kuwa pekundu, yasitumike.

Kichanga ana mafuta yake

Sasa turudi kwa mtoto wa siku tano. Kuna jambo ambalo bibi na mama wote wawili huweza kulisahau: mtoto huzaliwa akiwa tayari amepakwa mafuta. Ule utando mweupe kama jibini unaoonekana kwenye makunyanzi ya mwili wake anapotoka tumboni sio uchafu. Ni maji kwa sehemu kubwa, pamoja na mafuta na protini, na hulinda ngozi yake na kumsaidia asipoteze joto. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asiogeshwe mpaka yapite angalau saa 24 tangu kuzaliwa.

Ngozi kubanduka siku za mwanzo nako ni kawaida. Mtoto ametoka kwenye maji ya tumboni kuja kwenye hewa, na tabaka la juu linajipanga upya. Hutokea zaidi mikononi, miguuni na vifundoni, na huisha lenyewe katika wiki moja au mbili bila kupakwa kitu. Ganda la kitunguu alilolitaja bibi si ugonjwa.

Mwaka 2022, WHO ilitoa mwongozo wa huduma kwa mama na mtoto baada ya kujifungua. Kwa mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya njema, mwongozo huo haushauri kumpaka mafuta kila siku kwa lengo la kuzuia magonjwa ya ngozi. Uingereza pia kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,300 wenye asili ya mzio katika familia. Nusu walipakwa mafuta ya kulainisha kila siku mwaka wao wa kwanza, nusu hawakupakwa. Walipofika miaka miwili, waliopakwa hawakuwa wameepuka pumu ya ngozi kuliko wenzao.

Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kujaribu mafuta ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima waliojitolea. Yalidhoofisha ule ukuta wa ngozi, ilhali mafuta ya alizeti hayakuuharibu. Tofauti kubwa ni kwamba zeituni ina oleiki nyingi, na alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo mwili huitumia kujenga ukuta wenyewe. Katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti na wahudumu walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005.

Mkanyi una oleiki nyingi na linoleiki kidogo sana. Kwa kisigino cha mkulima, hilo si tatizo. Kwa ngozi ya kichanga, iliyo nyembamba na ambayo ukuta wake ungali unajengwa, ni sababu ya kutosha ya kusubiri. Mtoto njiti ni suala jingine kabisa: apakwe au asipakwe, na apakwe nini, huamuliwa na wahudumu waliomwona, wala haamuliwi nyumbani.

Kuna pia hali ya hewa. Mkuyuni si Tegetero. Huku chini Januari ni joto, mtoto anatoka jasho, na mafuta mazito huziba vinyweleo vya jasho. Vipele vya joto vikitokea shingoni na mgongoni, wengi huongeza mafuta wakidhani ngozi imekauka, na vipele huzidi. Dawa yake ni kumpunguzia nguo, kumwogesha kwa maji ya kawaida na kuacha mafuta.

Yasikofaa kabisa

Sehemu ya kwanza ni kitovu. Hapa nesi wa binti yule hakukosea hata neno. Kitovu huachwa kikiwa safi na kikavu. Mafuta ya aina yoyote, majivu, udongo, mate au majani yaliyotwangwa huweza kuingiza vijidudu kupitia kidonda ambacho bado kiko wazi, na pepopunda ya watoto wachanga ni miongoni mwa hatari zake. Kinachoweza kupakwa ni dawa iliyotolewa na kituo cha afya tu, kwa maelekezo yake.

Ya pili ni jeraha la moto. Mtoto akiungua kwa uji au chai, mafuta hayatolewi kopo. Sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Mafuta hushikilia joto na kumsumbua mhudumu anapotaka kuliona jeraha.

Ya tatu ni magonjwa ya ngozi yenye chanzo chake. Mapunye kichwani ni fangasi. Upele unaowasha usiku kwa familia nzima ni wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Malengelenge yenye usaha ni bakteria. Mafuta yatalainisha magamba na kufanya pang'ae, na mzazi ataona kama nafuu, huku ugonjwa ukiendelea na kuambukiza wengine.

Ya nne ni chuchu za mama. Zikipasuka, mara nyingi sababu ni mtoto kushika vibaya anaponyonya. Mama aombe nesi amwonyeshe namna ya kumweka, na apake tone la maziwa yake mwenyewe baada ya kunyonyesha.

Mzazi asisubiri hata siku moja iwapo mtoto mchanga anakataa kunyonya, mwili una joto kali au umekuwa wa baridi, ngozi au macho yana manjano, au pembeni ya kitovu pamekuwa pekundu, pamevimba au panatoa usaha. Hapo hakuna mafuta ya kujaribu kwanza.

Kununua na kutunza

Mafuta mazuri ya mkanyi huwa meupe au ya manjano hafifu na yana harufu nyepesi. Yakinuka uchachu, yakiwa na madoa ya ukungu au yakionyesha maji chini ya kopo, hayafai mwilini. Maji ndiyo adui. Anayetengeneza nyumbani arudishe mafuta motoni taratibu baada ya kuengua mpaka yaache kutoa mapovu, kisha ayachuje kwa kitambaa safi na kuyaweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Wakati wa kutumia, yachotwe kwa kijiko kikavu. Vidole vya watu sita kwenye kopo moja huhamisha vijidudu vya watu sita.

Anayenunua amjue anayemuuzia. Mafuta ya asili yanayoahidi kumfanya mtu mweupe si ya asili tena, maana mkanyi haubadilishi rangi ya ngozi. Mchanganyiko wa namna hiyo, ambao mitaani huitwa mkorogo, huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na mama anayeupaka humgusisha mtoto kila anapombeba. Bidhaa ya dukani iwe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini.

Kopo halijazwi bila mti

Jambo moja zaidi linahusu wajukuu. Mkanyi huchukua muda mrefu. Mbegu zake huweza kukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota, na mti uliopandwa kwa mbegu hupita miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa. Tena kuna mti dume na mti jike, na mwenye shamba hawezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Watafiti wamefanikiwa kupunguza miaka hiyo kwa kubebesha vikonyo vya miti inayozaa, lakini mti mkubwa uliokatwa leo kwa ajili ya mbao au mkaa hautapata mbadala upesi.

Aina hii imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Sehemu kubwa ya msitu wa Uluguru imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na anayetaka kuokota kitu ndani yake hupaswa kupata ruhusa ya wakala wa misitu, TFS. Nje ya mipaka, wako wakulima wanaouacha mkanyi usimame katikati ya mashamba yao. Misitu hiyo hiyo ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, unaoipa Dar es Salaam maji. Familia inayouacha mti mmoja shambani inawawekea wengine kopo la miaka ijayo.

Mkekani, bibi bado ananyoosha mikono. Nesi wa jamii, aliyepita kumwona mtoto, amekaa naye na kumweleza kwa upole habari ya kitovu na ngozi inayobanduka. Hakumwambia kwamba mafuta yake ni mabaya, kwa sababu si mabaya. Kisha amemwambia jambo ambalo halikutegemewa: mwongozo ule ule wa WHO unasema kumkanda mtoto mwenye afya taratibu mwili mzima kunaweza kumsaidia kukua.

"Basi mikono yangu bado ina kazi," anasema bibi.

"Ina kazi sana, mama," anajibu binti. "Nawa kwanza, maji ya moto yako pale."

Bibi ananawa, anajifuta, anapasha viganja vyake moto kwa kuvisugua. Mtoto anawekwa kwenye kanga mapajani mwake, na anakandwa polepole, kitovu kikiachwa. Baada ya muda mtoto anafumba macho. Bibi anafungua kopo, anachota kidogo kwa kijiko, na kumsogezea binti yake.

"Haya, lete miguu yako. Visigino hivyo utavipeleka wapi?"

Binti anacheka na kunyoosha miguu. Kopo litakaa juu ya kabati, kwenye kivuli, likimsubiri mtoto aanze kukimbia.